Huyu Mtoto Hasikii

(Maneno niliyowaambia wazazi, walimu wa vyuo vya Kurani na wavuvi, Langoni, Lamu, katika wiki ya Siku ya Kusikia Duniani, ambayo huwa tarehe 3 Machi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikapunguza pale nilipojirudia.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Mashekhe zetu, walimu wa vyuo na wa skuli, wazee wangu, mama zangu mliokaa kule nyuma, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotafuta nafasi ya kukimbia: Assalamu alaykum.

Wa mbele wamejibu vizuri. Wa nyuma sikuwapata. Sijui hawakunisikia au hawakutaka kunijibu, na hilo ndilo lililonileta hapa alasiri hii.

Neno hili kusikia tumelitwisha mizigo mingi mno. Nasikia njaa. Nasikia baridi. Nasikia harufu ya pilau ya jirani. Na tukisema mtoto fulani hasikii, hakuna anayefikiria sikio lake. Tunafikiria ukaidi. Mama akija kwangu akaniambia, "Mwanangu huyu hasikii," inanibidi nimuulize: hasikii wa kutumwa, au hasikii wa sikio? Wengi hunyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo hawajawahi kujiuliza. Hata methali zetu ziko upande wa bakora. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi kazi yangu ni masikio, na hii ya pili nimeichoka. Yapo masikio mengi ambayo hayakufa, wala dawa hayajawahi kuletewa.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa hao wasiosikia. Alipelekwa chuoni akiwa na miaka sita, akawekwa nyuma kwa sababu alikuwa mrefu. Mwalimu akisoma, wenzake wanaitikia, na yeye anaitikia nyuma yao kidogo, kama mwangwi. Akiitwa mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, bakora. Miaka miwili ikaenda hivyo. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu, nusu ya mtaa wetu walisoma kwake. Alisema tu lile ambalo kila mtu alilisema: huyu hasikii. Skuli nako wakasema hivyo hivyo, ila wao walisema kwa Kiingereza.

Aliyegundua ni mama, na wala hakuwa na kifaa. Usiku tulilala chumba kimoja na alizoea kutuhadithia ngano. Taa ikiwaka, mdogo wangu hucheka pale pa kucheka. Taa ikizimwa, anaanza, "Eh? Eh?" kisha anajigeuzia ukutani. Usiku mmoja mama akaizima makusudi katikati ya hadithi, akasema kwa sauti ile ile, "Nani anataka halua?" Mimi nikaruka. Mdogo wangu hakutikisika. Mama akaiwasha taa, akasema tena bila kuinua sauti, na mtoto akaja mbio. Alikuwa akisoma mdomo. Muda wote ule alikuwa akisoma midomo yetu, na sisi tukisema, "Huyu anasikia anapotaka."

Tulimpeleka. Mahali pa kwanza alimulikwa na tochi, akapewa matone, tukaambiwa atakua na yataisha. Mahali pa pili, matone tena. Ilikuwa mpaka tulipovuka bahari hadi Mokowe tukapanda basi la Mombasa, miezi mingi baadaye, ndipo alipotiwa katika chumba kidogo, akavishwa hedifoni, akaambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Nusu saa. Karatasi ikatoka. Ngoma za masikio yake yote mawili zilikuwa na matundu, kwa ule usaha uliokuwa ukimtoka tangu anatambaa na bibi akiutilia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Sikio moja lilianza kusikia kwenye desibeli 45, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, la pili 50.

Nataka mzielewe namba hizo, kwa sababu ndani yake ndimo mlimokuwa na ile "anasikia anapotaka". Mtu akizungumza nawe kwa kawaida, mko umbali wa hatua moja, sauti yake hukufikia kwenye desibeli 60 hivi. Kunong'ona ni 30. Mtoto wa desibeli 45 anamsikia mama aliyemkalia mbele ya uso, anamsikia kwa shida lakini anamsikia. Akirudi nyuma hatua tano, sauti ile ile imeshapungua, na kuna watoto ishirini wanaosoma pamoja, na kuna punda nje. Hapo hana kitu. Akigeuka akakuona uso, amepata. Kwa hiyo kweli alikuwa anasikia mara nyingine na mara nyingine hasikii, lakini kilichoamua ni umbali, kelele na mwanga wa taa. Kutaka hakumo.

Sasa tufanye jambo moja, na tafadhali msicheke. Kila mtu afunge mdomo, avume: mmmm. Ndiyo, na wewe bwana uliyevaa kofia. Endeleeni kuvuma. Sasa ziba sikio la kulia kwa kidole, usiache kuvuma. Sauti imekwenda wapi?

Imekwenda kulia. Imelifuata sikio mliloliziba. Wengi mlidhani itakwenda kushoto kuliko wazi. Mzee hapa mbele anasema yake imekwenda kushoto. Mzee wangu, usiondoke, mimi na wewe tutaonana baadaye.

Mlichofanya ni ukoo mmoja na vipimo vya zamani ambavyo daktari hufanya bila umeme wala kompyuta. Ana chuma cha ncha mbili, kama uma, anakigonga kinalia, anakuwekea katikati ya paji la uso na kukuuliza unakisikia upande gani. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Weber, Mjerumani. Kisha kuna cha Mjerumani mwingine, Rinne, aliyekieleza mwaka 1855: uma unawekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu unaletwa mbele ya tundu la sikio, na unaulizwa wapi panalia zaidi. Sikio zima husikia zaidi mbele, hewani. Ikiwa mfupa ndio unaosikia zaidi, njia ya sauti ina kizuizi.

Fikirieni nyumba ya mawe ya hapa kwetu. Kuna daka, kuna mlango, na ndani kabisa ndiko waliko wenyeji. Mgeni akigonga asijibiwe, kuna mambo mawili. Ama mlango umekwama, ama wenyeji wenyewe hawajiwezi. Daka la sikio ni lile tundu tunaloliona. Mlango ni ngoma ya sikio, na nyuma yake kuna vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na hicho kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Wenyeji wako ndani, katika kijumba kilichojizungusha kama konokono, chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na hao ndio wanaoigeuza sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Nta iliyoziba, usaha, tundu kwenye ngoma, maji yaliyokwama nyuma yake: hayo yote ni mambo ya mlango, na mengi yana tiba. Wenyeji wakifa, hawazai wengine. Hapo hakuna matone wala mafuta, hata yawe ya simsim safi iliyosomewa. Na mtu wa mlango na mtu wa ndani wakikaa mbele yako wote wawili wanasema neno moja: sisikii. Kuwatofautisha kwa macho huwezi. Ndiyo maana tunapima kwa hewa na tunapima kwa mfupa, ule mfupa ukiwa kama kupita juu ya paa ukawaite wenyeji bila kugusa mlango. Wakiitika kwa mfupa na wasiitike kwa hewa, tunajua cha kutengeneza.

Kipimo chenyewe kikoje? Hakiumi. Hakuna sindano wala damu. Kwanza mpimaji achungulie ndani kwa kimulikio, maana kumpima mtu mwenye donge la nta ni kuipima nta. Na nta si uchafu, inatoka yenyewe, ila tukiifuata kwa pamba za vijiti, kofia ya kalamu na pini za buibui tunaisukuma ndani mpaka inakuwa jiwe. Kisha hedifoni, sikio moja moja, tukianza na lile unalolisifu. Mlio wa kwanza mara nyingi ni wa hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde. Ukisikia, tunaupunguza kwa desibeli 10. Ukikosa, tunaupandisha kwa 5. Tunashuka na kupanda hivyo mpaka tupate ule mlio mdogo kabisa ambao unausikia angalau nusu ya mara unapopigwa. Tunaandika alama, tunahamia mlio mwingine, mzito mpaka hezi 250, mwembamba mpaka 8000. Sikio la kulia huandikwa kwa duara jekundu, la kushoto kwa X ya buluu. Kadiri alama zinavyoshuka kwenye karatasi, ndivyo sauti inavyohitaji kuwa kubwa zaidi ndipo uisikie.

Chumba kinatakiwa kiwe kimya. Hapa kwetu hiyo ndiyo mitihani. Nimewahi kumsubirisha mama wa watu dakika nzima na kidole chake juu ya kitufe mpaka punda wa jirani amalize hoja zake.

Watu huniuliza, "Nimepoteza asilimia ngapi?" Desibeli si asilimia. Kila ukipanda desibeli 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara 10. Yaani kutoka 0 hadi 60 ni mara milioni moja. Na hiyo 0 yenyewe si ukimya, ni pale masikio mazima ya vijana yanapoanzia kusikia. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 20 uko salama. Kutoka 20 mpaka kabla ya 35 ni upungufu mdogo, ukifika 50 mambo yameshakuwa mazito, na kuanzia 80 maneno ya kawaida hayakufikii kabisa bila msaada. Lakini mimi namba moja hainitoshi. Nataka kuiona karatasi nzima, kwa sababu ya babangu.

Babangu alikuwa nahodha. Alipofika miaka sitini na kitu akaanza kutulaumu kwamba siku hizi tunanong'ona. "Sauti naisikia," anasema, "maneno siyapati." Na alikuwa anasema kweli tupu. Jahazi likipiga mbiu mbali analisikia kabla yetu. Ngoma ya maulidi anaisikia. Mjukuu akimwambia kitu, hakuna. Tulidhani ni uzee wa kununa. Nilipompima, upande wa kushoto wa karatasi, ule wa sauti nzito, alikuwa kijana. Kuanzia hezi 2000 mstari ukaporomoka kama mtu aliyeteleza gatini.

Sababu ni hii. Katika kile kijumba cha konokono, sauti nyembamba zinapokelewa pale mwanzo wa kuingilia, nzito zinapokelewa ndani kabisa. Uzee na kelele huanza kula pale mwanzoni. Na katika maneno yetu, a, e, i, o, u ndizo zenye uzito na nguvu. Lakini s, f, th, sh, ch ni nyembamba, ni upepo tu. Mtu kama babangu anapata irabu zote na anakosa kile kinachotenganisha neno na neno. Thamani na samani kwake ni mamoja. Umesema saa, taa au faa? Na sisi Waamu tumejiongezea shida, maana kaa la motoni na kaa wa baharini tunavitenga kwa kijipumzi kidogo tu, ambacho ndicho cha kwanza kupotea. Nikizungumza na mtu wa hivyo nikapiga kelele, naziongeza zile irabu ambazo tayari anazo. Namuumiza bure. Ni bora nimkabili, nipunguze mwendo, asione mkono mdomoni mwangu.

Na ndiyo sababu baada ya milio tunapenda kumpima mtu kwa maneno pia, aseme alichosikia. Maneno hayo yawe ya lugha yake. Ukimpima mzee wa Siyu kwa maneno ya Kiingereza umepima skuli aliyokosa.

Sasa nije kwenye watoto, ambako ningeweza kulala.

Mama zangu, mtoto kiziwi naye hulia, hucheka, na miezi ya mwanzo hutoa visauti kama wengine. Msihesabu hilo. Na kipimo chetu cha nyumbani, kile cha kupiga makofi au sufuria nyuma ya mtoto, kimewapoteza wengi. Mtoto anaona kivuli cha mkono. Anasikia upepo shingoni. Sakafu inatikisika. Au anaisikia kweli hiyo sufuria, kwa sababu sufuria ikipigwa karibu ni kelele kubwa mno, na bado hasikii neno hata moja unalomwambia. Anageuka, mnasema alhamdulillahi, mnarudi nyumbani, na mwaka umepita. Akifika miaka mitatu hasemi mnaambiwa watoto wa kiume huchelewa.

Mtoto wa siku moja anapimika. Hilo nataka mwondoke nalo, ikiwa mtaondoka na moja. Mwaka 1978 mwanasayansi mmoja wa London, David Kemp, alionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sikio zima likipelekewa sauti, nalo hurudisha sauti yake ndogo kutoka ndani. Wenyeji wanajibu mlango! Kwa hiyo tunaweka kidude laini kwenye sikio la mtoto aliyelala, kinatoa milio, na kinatega kusikia mwitikio. Dakika chache, mtoto hata haamki. Bora alale na ashibe, hiyo ndiyo siri yote ya kumpima. Kipimo cha pili hubandika vipande vidogo kichwani na kusoma jinsi mshipa wa kusikia na ubongo vinavyoipokea sauti. Nacho hufanywa akiwa usingizini.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Kipimo cha kwanza cha mtoto mchanga kikisema hakupita, bado hatujasema ni kiziwi. Huenda ana maji sikioni ya kuzaliwa, huenda alikuwa analia. Kinachotakiwa ni arudi. Na wengi hawarudi, kwa sababu safari ya kutoka Kizingitini au Ndau ni boti na nauli na siku nzima, na mtoto anaonekana mzima. Wataalamu wamejiwekea kiasi kinachoshikika: apimwe kabla ya mwezi 1, ithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Haraka ni ya lugha. Ubongo wa mtoto unajenga lugha katika miaka ya mwanzo hata kama hakuna kinachoingia, na usipopata kitu unajenga pungufu.

Aliyeanza kukaa, wa miezi sita na kuendelea, tunampigia sauti upande mmoja na tunamwonyesha mwanasesere anayewaka taa kila akigeuka. Wa miaka mitatu anapewa mchezo: kila ukisikia mlio, tia kokwa katika kikombe. Hawa ndio ninaowapenda. Wako makini kuliko maafisa wa ushuru.

Na mzazi asimpeleke mtoto siku ile tu anaposhuku. Ikiwa mtoto alizaliwa njiti, au alichelewa kulia, au alipata manjano kali, au ameugua homa ya uti wa mgongo, surua au matumbwitumbwi, au alichomwa sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, siku nyingi, apimwe hata akionekana hana neno. Sindano hiyo inaokoa maisha na sisemi ikataliwe. Nasema masikio yaulizwe baadaye. Mwenye homa ya uti wa mgongo apimwe mapema mno baada ya kupona. Na ndugu wawili katika nyumba moja wakiwa hivyo, hasa wazazi wakiwa ni mtu na binamuye, wa tatu apimwe siku akizaliwa. Hakuna jicho la mtu hapo wala hakuna wa kulaumiwa, mambo mengine hupita katika damu kimya kimya kutoka kwa wazazi wanaosikia vizuri kabisa.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 lilihesabu zaidi ya watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, milioni 430 kati yao wakihitaji msaada. Na likasema kwa watoto, karibu asilimia 60 ya visa vingeweza kuzuilika. Nikifikia hapo humkumbuka mdogo wangu na mafuta ya nazi. Sikio linalotoa usaha halitiwi kitu kabla halijatazamwa. Si mafuta, si maji ya kitunguu thomu, si maziwa ya mama. Likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, lisiingie maji, lipelekwe.

Wavuvi na wazamiaji, kwenu kwa ufupi maana najua maji yanakupwa. Mnaozamia kamba, bana pua upulize tangu unaanza kushuka, usisubiri maumivu, na ukiwa na mafua usizame. Sikio likipasuka, tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe kwa wiki kadhaa likiachwa kavu, na bahari haikauki. Pumzika. Wa boti za mashine, na mafundi wa randa za umeme na msumeno: kelele ya desibeli 85 sikio huivumilia saa 8 kwa siku. Ikipanda 3 tu, saa zinakuwa 4. Ikipanda 3 nyingine, 2. Karatasi za watu wa kelele zina alama yake, bonde lililochimbika kwenye hezi 4000, na nikiliona huwa namuuliza mtu kazi yake ingawa nimeshaijua.

Jambo moja halina kusubiri. Mtu akiamka asubuhi sikio moja limekufa, au limekufa mchana mbele ya macho yake, hakuna maumivu, hakuna mafua, pengine kuna mlio tu na kizunguzungu. Hiyo ni dharura kama ya kuvunjika mguu. Kuna dawa, na inafaa zaidi ikianza katika siku za mwanzo. Usiambiwe ni nta bila mtu kuchungulia. Wengi wanaofika kwetu hufika mwezi mzima umeshapita.

Na karatasi ikitoka mbaya? Hapa ndipo watu hunitazama kama kadhi anayesoma hukumu. Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa ngoma ya sikio moja, la pili akavaa kifaa, na mwalimu akamhamishia mstari wa mbele. Hilo la mstari wa mbele halikugharimu senti. Babangu alipewa kifaa akakikataa mwaka mzima, kisha akakivaa ili asikie khutba, sasa anatuambia tusipige kelele. Na yuko mtoto ambaye kifaa hakitamfaa, au kitamfaa kidogo. Huyo anastahili lugha ya ishara mapema, na familia nzima ijifunze, bibi mpaka mjomba. Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Katiba ya 2010, tena ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Si kupiga mikono hewani. Niliwahi kumwambia mzee mmoja hivyo, akaniuliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu anaweza kuwa mbunge?" Nikamwambia anaweza, ila Mungu amwepushe.

Mashekhe, walimu wa vyuo, ombi langu kwenu ni dogo. Kabla hamjasema huyu hasikii, simama nyuma yake pasipo na mwanga wala kivuli, kwa sauti ya kawaida, utaje jina lake na kitu anachokipenda. Ukisimama mbele yake hujapima kitu. Asipogeuka mara tatu kwa siku mbalimbali, mwite mzazi. Na yule anayegeukia upande usio wako, mwite pia, huenda analo sikio moja tu, naye hawezi kujua sauti imetoka wapi.

Leo tumekuja na mashine moja na hedifoni mbili, chumba ni kile cha ndani cha mwisho. Watoto waliochelewa kusema watangulie, kisha waliowahi kutoa usaha, kisha mzee wangu wa mbele aliyevuma kushoto. Mwenye nta atasafishwa kwanza na atapimwa akirudi. Mafundi wa Matondoni waliotoka kwenye msumeno mchana huu, na wa mashine za boti, nyinyi sitawapima leo, sikio lililochoka na kelele hutoa majibu ya uongo. Lazeni masikio usiku mzima, mje kesho baada ya alfajiri, kabla hamjashika kazi.